Mbegu Inayomkatalia Fukusi

Kutoka mji wa Sumbawanga, ulio takribani meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, hadi Ilemba katika Bonde la Ziwa Rukwa, nchi hushuka kwa kishindo. Uwanda wa Ufipa unakatika, ukingo wa Bonde la Ufa unateremka, na baridi ya juu inabaki nyuma. Ziwa lenyewe liko karibu meta 800. Mteremko huo hubadilisha hewa, hubadilisha mazao, na hubadilisha hata mdudu anayetoboa maharage ghalani. Kwenye baridi ya nyanda za juu, mharibifu mkuu kwa kawaida ni yule ambaye wataalamu humwita Acanthoscelides obtectus. Kwenye joto la mabondeni hutawala mwenzake mdogo, Zabrotes subfasciatus. Kwa mama mwenye gunia, wote ni fukusi. Kwa mtafiti wa mbegu, hao ni maadui wawili wenye tabia mbili, na silaha inayomuua mmoja huweza kumwacha mwingine akistarehe.

Tazama wanavyofanya kazi. Zabrotes hugandisha mayai yake juu ya ganda la punje. Acanthoscelides huyaacha mayai huru kati ya punje na punje, na mara nyingi huanza uharibifu shambani, maganda yakiwa bado yanakaukia kwenye mimea. Buu likianguliwa hutoboa, huingia, hula ndani kwa ndani. Penye joto, baada ya mwezi hivi mdudu kamili hutoka na kuacha tundu la mviringo. Kizazi cha pili huanza hapo hapo. Ndiyo maana mkulima huyauza maharage mara tu baada ya kuvuna, wakati kila mtu anauza na bei iko chini. Hana hakika na ghala lake. Anayekuja kununua analijua hilo vizuri.

Watu wa Ufipa hawakungoja chuo kikuu ndipo waanze kuisoma mimea. Kilimo chao cha ntumba ni elimu iliyokomaa: mvua zinapokaribia kwisha, majani hukatwa na kufukiwa ndani ya vichuguu vya udongo, maharage hupandwa juu yake, na msimu unaofuata vichuguu hubomolewa na kusambazwa, udongo uliokwisha kushiba mboji ukapokea ulezi au mahindi. Na kila mwaka, kabla ya kupanda, punje humwagwa kwenye ungo na kuchaguliwa moja moja: hii ya mbegu, hii ya chungu, hii ya kutupa. Uzalishaji wa mbegu ulianzia kwenye ungo huo. Kinachofanyika leo maabara ni uchaguzi ule ule, ila umeongezewa macho ya kuona ndani ya punje.

Mfano ninaoustahi kuliko yote ni kazi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kilichoanzishwa mwaka 1984. Watafiti wake wa maharage walikwisha kuwapa wakulima SUA 90, na baadaye Rojo, maharage mekundu yenye punje kubwa. Lakini Rojo, kama ndugu zake, ilikuwa chakula kitamu cha fukusi. Wataalamu wa CIAT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo huko Colombia, walikuwa wamepima maelfu ya maharage ya kulimwa bila kupata kinga ya kutosha. Kinga dhidi ya Zabrotes ilipatikana kwenye maharage ya mwituni ya Mexico, katika protini iliyopewa jina la aselini kutokana na mji wa Arcelia. Hiyo ingefaa bondeni. Lakini kwa Acanthoscelides, yule wa baridi, aselini hiyo haikufua dafu.

Hapo ndipo Paul Kusolwa wa Sokoine, akifanya kazi na James Myers wa Chuo Kikuu cha Oregon State, Marekani, alipogeukia mmea mwingine kabisa: tepari, jamii ya maharage iliyozoea majangwa ya kaskazini mwa Mexico na kusini magharibi mwa Marekani. Katika benki ya mbegu ya CIAT kulikuwa na tepari ya mwituni yenye namba G40199, ambayo buu la Acanthoscelides halikui vizuri ndani yake. Protini zilizo kwenye punje humfanya mdudu ale asishibe. Kuitoa kinga hiyo kwenye mmea wa jangwani na kuitia kwenye maharage ya mezani kwetu, ndiyo kazi iliyohitaji ufundi.

Uangalie ufundi huo kwa karibu. Ua la mharage hujichavusha lenyewe, na hufanya hivyo kabla ya kufunguka vizuri. Mtafiti akisubiri lichanue, amechelewa. Hivyo hutafuta tumba la ua lililovimba, ambalo lingefunguka kesho yake. Kwa kibano chenye ncha nyembamba hutenga petali kubwa ya juu, kisha hufungua ile ya ndani iliyojizungusha kama gamba la konokono. Humo mna stameni 10, na zote lazima zitoke bila kukijeruhi kiungo cha kike kilicho katikati. Halafu huleta chavua ya baba aliyemchagua, huigusisha kwenye ncha ya kiungo hicho, hurudisha petali zifunike ili unyevu usipotee, na hufunga uzi wenye tarehe na majina ya wazazi. Mkono ukitetemeka, ua huanguka. Hata mkono ukitulia, mengi huanguka tu. Ganda linaloshika hutoa punje chache, na punje hizo ndizo mshahara wa asubuhi nzima.

Kwa mimea isiyo ya aina moja ugumu huzidi. Chavua hupokelewa, ganda huanza kukua, kisha kiinitete hufa ndani yake. Katika uzalishaji chotara wa namna hii watafiti hulazimika mara nyingi kukitoa kiinitete kikiwa kichanga mno na kukilea ndani ya chupa yenye chakula, mpaka kiote mizizi. Chotara akipatikana, bado hajafaa: nusu yake ni jangwa. Lazima arudishwe kwa upande wa maharage ya kawaida, kizazi baada ya kizazi. Kurudisha mara moja humpa mtoto wastani wa asilimia 75 ya mzazi anayetakiwa. Mara mbili, 87.5, mara tatu, karibu 94. Kila hatua ni msimu mzima wa kupanda, kungoja ua, kibano, ganda na kukausha. Na katika kila hatua lazima uhakikishe kwamba ile kinga ndogo haijapotea njiani.

Kuhakikisha nako kuna adabu yake. Mtafiti hukata kipande kidogo cha punje upande usio na kiinitete, hukisaga, na kuzitenganisha protini zake kwa umeme ndani ya jeli, ili aone kama mstari wa protini anayoitafuta upo. Punje iliyobaki huipanda, nayo huota. Swali linajibiwa bila kumuua aliyeulizwa. Kisha huja hakimu wa mwisho, fukusi mwenyewe: punje hutiwa kwenye chupa pamoja na wadudu, na mtafiti husubiri, akihesabu siku baada ya siku nani ametoka na lini. Mwaka 2011 Kusolwa na Myers walichapisha ushahidi kwamba protini za tepari zinaleta kinga ndani ya maharage ya kawaida. Mwaka 2016 ukoo wa AO-1012-29-3-3A ulisajiliwa: maharage mekundu, yenye kinga dhidi ya fukusi na pia dhidi ya virusi vya batobato.

Teknolojia imeongeza mwendo. Mwaka 2014 mpangilio wa vinasaba vya mharage ulichapishwa kutokana na mharage wa Andes, upande ule ule wa ukoo zilikotoka punje kubwa nyingi tunazopika Afrika Mashariki. Leo jani changa linaweza kueleza kilichomo kwenye mmea kabla haujatoa ua. Lakini mashine haimwondolei mtu kibano mkononi, wala haiharakishi ganda kukauka. Zaidi ya hayo, haijui mlaji anataka nini. Mbegu yenye kinga lakini rangi isiyopendwa sokoni, au inayokawia motoni wakati kuni ni ghali, itabaki stoo. Ndiyo maana aina mpya hupelekwa kwanza kwenye mashamba ya majaribio ya kanda tofauti, hukaguliwa na TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu Tanzania, na hutiwa mikononi mwa wakulima waionje. Mama wa Ufipa anayechagua kwenye ungo ana neno la mwisho katika sayansi hii, na ni haki yake.

Napenda kazi hii kwa sababu haina njia ya mkato na haimdharau mtu. Mtafiti hutumia miaka kuibana kinga ndani ya punje ili mkulima asihitaji kununua dawa, kusoma maelekezo wala kumwita mtaalamu. Kinga husafiri na mbegu yenyewe, kutoka jirani hadi jirani, kutoka uwandani hadi bondeni. Lakini fedha za utafiti mara nyingi hutolewa kwa miaka michache, na mbegu moja huweza kudai 10 au zaidi. Ukisimamisha mzunguko katikati, ukoo unapotea na mikono iliyofundishwa hutawanyika. Nchi inayoishi kwa jembe inapaswa kupanga bajeti yake ya mbegu kwa kalenda ya mimea, na kuwapa vijana wanaojifunza kushika kibano leo hakika kwamba watakuwepo kazini siku mkulima wa Ilemba atakapoamua, kwa hiari yake, ni mwezi gani auze maharage yake.