"Malaika": Nafsineni, Mahari na Sauti za Wengine

Ni nyimbo chache za Kiswahili zilizosafiri mbali kama "Malaika", na ni chache zilizosahauliwa maana yake kwa kiasi hicho. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kila ulipoimbwa upya, wimbo huo ulipata uzuri fulani wa fani na kupoteza sehemu ya maudhui yake.

Kwanza ni suala la utunzi. Santuri iliyoueneza ni ya Fadhili William, Mkenya aliyezaliwa Taita mwaka 1938, aliyeurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hata hivyo, Adam Salim wa Tanganyika alidai kuwa aliutunga mwaka 1945, na wako wengine waliodai vivyo hivyo. Fadhili alifariki mwaka 2001 bila ubishi huo kumalizika. Mhakiki hana budi kutenganisha mambo mawili hapa: kutunga na kurekodi. Katika miji ya enzi ile, wimbo uliweza kupita midomo mingi kabla ya kufika studioni, na lebo ya santuri ilihifadhi jina moja tu. Umaarufu wa mwimbaji, basi, si ushahidi wa utunzi. Wala madai ya mtunzi hayapunguzi kazi ya yule aliyeupa wimbo sauti iliyodumu.

Je, ni halali kuuita wimbo wa jazi? Kwa maana ya Marekani, la. Lakini katika Afrika ya Mashariki na Kongo neno hilo lilikuwa jina la bendi za dansi: African Jazz ya Joseph Kabasele, OK Jazz iliyoanzishwa mwaka 1956, Morogoro Jazz ya Tanzania. Isitoshe, magitaa ya Nairobi hayakuwa mageni kwa Kongo. Mwenda Jean Bosco na Edouard Masengo, mafundi wa gitaa kutoka Katanga, walifika huko na kupiga muziki wao.

Tukija kwenye maudhui, nafsineni ni kijana mwenye mapenzi asiye na mali. Angependa kuoa, lakini umaskini unamzuia. Msikilizaji wa Kasha, katika komine ya Bagira mjini Bukavu, hahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Katika Bushi mahari hukumbusha ng'ombe. Mjini watu huita dote, kwa neno la Kifaransa, na huihesabu kwa fedha pia. Kwake yeye wimbo huu ni malalamiko ya mtu anayejua bei aliyotajiwa na ukoo wa mchumba, na jina la malaika ni heshima anayoitoa kwa kuwa hana kingine cha kutoa.

Mwaka 1965 Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuimba pamoja katika santuri ya An Evening with Belafonte/Makeba, iliyopata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Wimbo ulipewa jina la Kiingereza lenye maana ya "malaika wangu". Hapa ndipo sarufi inapotoa ushahidi. Kiswahili hakitofautishi jinsia katika viwakilishi, bali katika ndoa hutofautisha: mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Makeba alibakiza kitenzi cha mwanamume. Mswahili anayesikiliza humsikia mwanamke akibeba sauti ya bwana harusi aliyeshindwa; msikilizaji wa ng'ambo husikia sauti tamu ya huba tu. Hilo si kosa la Makeba. Upole wa sauti yake ulihifadhi huzuni ambayo maneno hayakuweza kuwafikishia wageni.

Wengine waliufuata wimbo kwa njia zao. The Hep Stars wa Uswidi, kundi la Benny Andersson kabla ya ABBA, waliurekodi mwaka 1967, Boney M. mwaka 1981, Angélique Kidjo wa Benin mwaka 1991 katika Logozo. Kwa Boney M. wimbo umekuwa burudani nyepesi: matamshi ya Kiswahili yamebaki kama pambo, na anayelia hana deni lolote. Kidjo ameurudishia utulivu, na kwa hiyo ameukaribia zaidi.

Kwa kuhitimisha, kipimo cha kuhakiki matoleo haya kisiwe usafi wa sauti peke yake, wala idadi ya santuri zilizouzwa. Kipimo kiwe swali hili: je, umaskini wa kijana bado unasikika? Walimu wa Kiswahili wanaofundisha ushairi wanaweza kuanzia hapo, kwa kuwapa wanafunzi toleo la Fadhili na la Makeba, wakiwauliza nani anaoa, nani anaolewa, na ni nini kinachokosekana kati yao.