Baiskeli ya Mlimani ya Bei Nafuu: Ubadilishe Nini, Uache Nini?

Ukiuliza kama inafaa kubadilisha vifaa kwenye baiskeli ya mlimani ya bei nafuu, majibu huwa mawili. La kwanza: "Usitupe hela, uza hiyo, ongezea, nunua ya maana." La pili: "Weka foki mpya yenye shokapu, halafu gia." Yote mawili yana walakini. La kwanza linapima kifaa kwa bei ya baiskeli, si kwa kazi kinayofanya. La pili linaanza na kinachoonekana kwa macho, si kinachokula nguvu zako.

Tuanze na asili yake. Miaka ya 1970, vijana wa Marin kule California walikuwa wakiteremka milima kwa baiskeli kuukuu za chuma zenye matairi manene. Mwaka 1976 walianza mashindano kwenye mteremko walioupa jina la Repack. Jina lilitokana na breki iliyokuwa ndani ya habu ya nyuma: ilipata moto mpaka grisi inaungua, ikabidi habu ifunguliwe na kujazwa grisi upya. Sasa, walibadilisha nini? Breki na gia. Shokapu hazikuwepo, zilikuja kuenea miaka ya 1990. Kwa maneno mengine, baiskeli ya mlimani yenyewe ilizaliwa kwa kubadilisha vifaa kwenye baiskeli za bei poa. Anayesema jambo hilo halifai kabisa ana historia ya kujibu.

Vipi kuhusu foki? Shokapu nzuri ina sehemu mbili: springi inayobeba mshtuko, na kifaa cha mafuta kinachogeuza nishati ile kuwa joto ili springi isiendelee kuruka. Kwenye foki nyingi za bei rahisi hiyo sehemu ya pili ni hafifu au haipo kabisa. Unabaki na springi. Ukisimama kwenye pedali kupanda kilima, inabonyea na kurudi, na sehemu ya jasho lako inaishia humo. Kuiondoa na kuweka foki nyingine ya bei rahisi ni kubadilisha springi kwa springi.

Utaambiwa foki mpya ni nyepesi kwa kilo moja. Hebu tupige hesabu. Wewe kilo 70, baiskeli kilo 15, jumla 85. Kilo moja ni kama asilimia 1.2 ya mzigo unaoupandisha. Ukiacha nyumbani chupa ya maji ya lita moja, umepata faida ileile bure.

Linganisha na matairi. Tairi la kashata kubwa lenye upepo mdogo, ukiliendesha kwenye lami, linaweza kuwa na kigezo cha ukinzani wa kuviringika cha 0.012, tairi laini zaidi lenye upepo wa kutosha, 0.006. Uzito wa kilo 85 ni kama nyutoni 833. Kwa mwendo wa kilomita 18 kwa saa, yaani mita 5 kwa sekunde, tairi la kwanza linakula wati 50, la pili wati 25. Mtu wa kawaida anayekanyaga bila kujichosha hutoa kama wati 100. Umeokoa robo ya nguvu zako! Na kabla hujanunua chochote, soma kiwango cha upepo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, kisha tafuta pampu. Ila kama njia yako ni tope na makorongo, kashata ziache. Huko kushika ardhi ni muhimu kuliko wepesi.

Breki hazina mjadala. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati ya kuondolewa inaongezeka mara nne. Raba zilizoisha, waya uliochakaa, diski iliyoingia mafuta: hivyo ni usalama wako, na bei ya baiskeli haihusiki. Kama rimu zako ni za chuma, jua kwamba zikilowa mvua hushika vibaya kuliko za aluminiamu.

Cheni nayo ipime kwa rula. Pini ya kwanza hadi ya 25 inatakiwa kuwa inchi 12 kamili. Ikizidi kwa sehemu moja ya 16 ya inchi, ibadilishe. Ukichelewa, itakula meno ya friwili, na hapo utanunua vyote viwili.

Jibu la kwanza linapata nguvu tunapofika kwenye gia. Ukitaka meno mengi nyuma, mara nyingi friwili ya kufunga kwa nyuzi haitoshi: unahitaji habu nyingine, cheni nyembamba zaidi, na swichi za gia mpya. Kifaa kimoja kinaita vingine vitatu, na hela zimekwisha kabla hujafika kwenye breki. Hata saizi zina mtego. "Inchi 26" kwenye tairi inaweza kumaanisha rimu ya milimita 559 au 590, na haziingiliani. Angalia namba kama 50-559 ubavuni, hiyo haidanganyi.

Kwa hiyo usiulize kifaa ni asilimia ngapi ya bei ya baiskeli. Jiulize: kimechakaa? Kinahatarisha? Kinakula nguvu kwenye njia ninayopita kila siku? Kama majibu yote ni hapana, rudisha hela mfukoni. Na fremu ikipinda au ikipasuka, acha kabisa kubadilisha vifaa. Vijana wa Marin nao walizichosha fremu zao kuukuu, na mwaka 1977 mmoja wao, Joe Breeze, akaanza kuunda mpya.