Fundi wa Majokofu na Kadi Milioni 40

Kampuni inayofunga na kukarabati majokofu huko Pennsylvania haina shughuli yoyote na kadi za benki. Hata hivyo, mwaka 2013 nywila zilizoibwa kwake ndizo zilizowafungulia wezi mlango wa Target, moja ya kampuni kubwa za maduka nchini Marekani. Waliingilia upande wa wazabuni, kwenye mambo ya ankara, wakatoka na namba za kadi zipatazo milioni 40.

Njia ya kutoka kwenye ankara hadi kwa keshia ilitoka wapi? Kanuni za kadi, PCI DSS, hazikulazimishi kutenga sehemu ya kadi na mtandao mwingine. Zinakuambia tu kwamba usipoitenga, mtandao wote utakaguliwa. Basi kampuni nyingi hutenga ili kubana gharama za ukaguzi, na ukuta wa namna hiyo hupendeza zaidi kwenye mchoro. Mkaguzi huangalia mchoro. Mwizi hujaribu kila kitasa. Target yenyewe ilikuwa imepasishwa Septemba ya mwaka huohuo, miezi michache tu kabla ya wizi.

Lakini kinachonivutia zaidi ni pale namba ziliponaswa. Programu ya wezi ilijibanza ndani ya kompyuta za keshia na kuchungulia kumbukumbu ya muda. Mteja anapotelezesha kadi, namba hupita humo ikiwa wazi, japo kwa kitambo kidogo, kabla ya kufichwa kwa msimbo. Ufunge ghala, ulinde na njia, mzigo bado utaonekana pale unapohesabiwa.

Kwa hiyo kutenga mitandao peke yake hakutoshi. Kazi yenyewe ya kusoma kadi inahitaji chumba chake. Kisomaji kifiche namba humohumo ndani yake, na ufunguo wa kuifichua ukae kwa anayechakata malipo. Kompyuta ya keshia ibakiwe na tokeni, namba bandia inayotosha kumrudishia pesa mteja aliyerudisha shati, lakini haimnunulii mwizi hata soksi. Hapo hata kirusi kikiingia, hakuna cha kuchungulia.

Mwaka 2017 Target ilikubali kuyalipa majimbo 47 pamoja na Washington, D.C. dola milioni 18.5. Miongoni mwa masharti: data za kadi zitengwe na mtandao wake mwingine wote.