Jina Lisiloandikwa: Wanawake Waandishi na Biashara ya Vitabu katika Uingereza ya Zamani

Mwaka 1811 ilitoka mjini London riwaya ya juzuu tatu, bei yake shilingi 15, iliyoitwa Sense and Sensibility. Pahala pa jina la mwandishi palielezwa tu kwamba hiyo ni kazi ya bibi mmoja. Leo kila aliyepitia fasihi ya Kiingereza anajua kuwa bibi huyo ni Jane Austen. Walimu wengi wafikapo hapa huwaeleza wanafunzi kwamba alificha jina kwa sababu ya haya, kwani mwanamke wa heshima wa zama zile hakupenda kutajwa hadharani. Maelezo hayo si ya uongo, ila ni nusu ya habari. Nusu ya pili imo katika daftari la hesabu, na sisi tunaona kwamba mhakiki asiyelifungua daftari hilo hawatendei haki waandishi hawa, wala hawezi kuzielewa vyema kazi zao.

Hapo kale mwanamke wa Kiingereza aliyejaliwa kipaji cha ushairi hakulazimika kumwendea mpiga chapa. Shairi lilinakiliwa kwa mkono, likapita kwa jamaa na marafiki, likapata sifa bila ya kuuzwa. Jambo hilo si geni kwetu. Utenzi ambao Mwana Kupona alimtungia binti yake katikati ya karne ya 19 ulienea Lamu na kwingineko pwani kwa kunakiliwa na kwa kuhifadhiwa moyoni, muda mrefu kabla haujapigwa chapa. Katherine Philips naye alikuwa mshairi wa namna hiyo, hata mwaka 1664 muuza vitabu wa London aitwaye Richard Marriott alipoyapiga chapa mashairi yake pasipo idhini. Philips alisononeka, rafiki zake wakaingilia kati, na kitabu kikaondolewa sokoni. Mwaka huohuo alikufa kwa ndui, na chapa iliyosahihishwa ikatoka mwaka 1667. Wahakiki hubishana kama masononeko yale yalikuwa ya kweli au ya adabu tu. Lililo zito zaidi kwetu ni kwamba, siku zile, haki ya kunakili kitabu ilikuwa mikononi mwa chama cha wapiga chapa na wauza vitabu, Stationers' Company, kilichopewa hati ya kifalme mwaka 1557. Aliyekiandikisha kitabu katika daftari la chama ndiye aliyekuwa mwenye kitabu. Mtunzi alisimama nje ya mlango.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba wanawake hawakuwamo katika biashara yenyewe. Wajane wengi walirithi mitambo ya waume zao na kuiendesha. Tace Sowle alishika kazi ya baba yake mwaka 1691, akawa mpiga chapa mashuhuri wa Wakweka kwa miaka mingi, na wanawake waliouza vijitabu mitaani walikuwa kundi kubwa. Ila hao waliishi kwa kuuza karatasi iliyokwisha kuchapwa. Kuishi kwa kuuza maneno ya kichwani mwako ilikuwa habari nyingine.

Wa kwanza kusifika Uingereza kwa kuishi hivyo ni Aphra Behn. Mwaka 1666 alitumwa Antwerp kuwa jasusi wa Mfalme Charles wa Pili. Malipo hayakuja kama alivyotarajia, akarudi na madeni na vitisho vya kifungo. Mwaka 1670 mchezo wake wa kwanza ukachezwa jukwaani. Sasa, wasomaji waliozoea kumsoma Shakespeare kwa tafsiri za Mwalimu Nyerere yawapasa wajue kwamba Shakespeare hakutegemea kalamu peke yake: alikuwa mwanahisa katika kundi lake la waigizaji, akagawiwa faida ya kila mchezo. Behn hakuwa na hisa yoyote. Mapato ya mtunzi wa zama zake yalikuwa yale ya usiku wa tatu, baada ya kuondoa gharama za jumba. Mchezo ukifa usiku wa pili, mtunzi hakuambulia kitu.

Wako waliomlaumu Behn kwa muda wa karne mbili kwamba michezo yake imejaa ashiki na mizaha ya chumbani. Sisi hatusemi kwamba haimo. Tunasema tu kwamba watunzi wanaume wa wakati wake waliandika hayohayo bila kuitwa wahuni kwa ukali uleule, na kwamba anayetaka kumhukumu Behn kwanza ahesabu zile siku tatu. Alipaswa kuwaleta watu jumbani tena na tena. Pale alipokuwa huru na jukwaa aliandika kwa sauti tofauti, kama katika Oroonoko ya mwaka 1688, habari ya mwana wa mfalme wa Kiafrika aliyeuzwa utumwani Surinam. Humo ucheshi umepungua, na hasira dhidi ya hila za wenye merikebu na mashamba ni dhahiri, ijapokuwa hatuwezi kusema kwamba aliupinga utumwa wote. Behn alikufa mwaka 1689. Mwaka 1695 Thomas Southerne aliigeuza habari hiyo kuwa mchezo, ukapendwa na kuchezwa kwa miaka mingi sana.

Sheria iliyotungwa mwaka 1710, wakati wa Malkia Anne, ndiyo iliyomtaja mtunzi kwa mara ya kwanza kuwa mwenye haki ya kitabu chake kwa miaka 14, na miaka 14 mingine akiwa bado hai. Ilikuwa hatua kubwa. Ila mwanamke aliyeolewa aliinyang'anywa haki hiyo na sheria nyingine, ya kale zaidi, iliyosema kwamba ujira wa mke ni mali ya mumewe. Hapa ndipo tunapomkuta Charlotte Smith.

Smith, aliyezaliwa mwaka 1749, aliozwa akiwa na miaka 15 kwa kijana mbadhirifu. Mwaka 1783 mumewe alifungwa kwa madeni, na mwaka uliofuata Smith alitoa kitabu cha soneti kwa gharama yake mwenyewe, akipigania riziki ya watoto. Mwaka 1787 alimwacha mume, akaanza kuandika riwaya. Tangu Emmeline ya mwaka 1788 aliandika riwaya kumi, na muda wote huo sheria ilimruhusu mumewe, ijapokuwa walikwisha kutengana, kuzidai fedha alizolipwa. Mirathi ya mkwewe, ambayo ingewasaidia watoto, ilikwama mikononi mwa mawakili mpaka baada ya kifo chake mwaka 1806. Si ajabu kwamba mawakili katika riwaya zake ni watu wa kuogofya.

Soko nalo lilipenda riwaya ndefu, na Smith alilipwa kwa hesabu ya juzuu. Msomaji wa The Old Manor House, ya mwaka 1793, yenye juzuu nne, ataona mahali ambapo simulizi inavutwa kama mpira. Tunakiri kwamba tulichoka njiani. Kuna sura ambazo hazina kazi ila kuijaza juzuu, na hilo ni kosa la kisanaa lisilofaa kufichwa kwa huruma. Lakini ni kosa lenye bei yake, na mwalimu anaweza kuwaonyesha wanafunzi bei hiyo. Ilibidi kungoja mwaka 1870 ndipo sheria ya Uingereza ikatamka kwamba fedha apatazo mwanamke aliyeolewa kwa kazi ya uandishi ni zake mwenyewe.

Turudi sasa kwa Jane Austen. Vitabu vya shule husimulia kwa masikitiko kwamba hakuolewa. Sisi, baada ya kumtazama Smith, tunaliona jambo hilo kwa jicho jingine: kwa kuwa hakuolewa, kila senti aliyolipwa ilikuwa yake kisheria. Wala hakuwa mzembe wa hesabu. Sense and Sensibility aliitoa kwa gharama zake, yaani yeye alibeba dhamana ya karatasi, chapa na matangazo, na muuza vitabu Thomas Egerton akachukua ushuru wake. Kitabu kilipokwisha kuuzwa, faida yake ilikuwa pauni 140. Hata hivyo riwaya iliyofuata, Pride and Prejudice, alimwuzia Egerton moja kwa moja. Alitaka pauni 150, akapewa 110. Ilitoka mwaka 1813 kwa shilingi 18, ikapendwa, na chapa ya pili ikatoka mwaka huohuo. Kwa chapa hiyo Austen hakupata kitu. Hakulirudia tena kosa hilo: mwaka 1815 John Murray alipompa pauni 450 kwa haki za riwaya tatu, alikataa.

Aliyekwisha umwa na nyoka hushtuka akiona ung'ongo, na Austen aliumwa mapema. Mwaka 1803 aliuza mswada wake wa kwanza, ulioitwa Susan, kwa pauni 10 kwa kampuni ya Crosby. Kampuni haikuupiga chapa. Mwaka 1809 aliwaandikia kwa jina la bandia akidai jibu. Wakamjibu kwamba hawakufungwa na muda wowote, kwamba wangemshtaki yeyote atakayeutoa, na kwamba angeweza kuurudishiwa kwa pauni zilezile 10. Kwa Austen wa siku hizo, pauni 10 zilikuwa fedha nyingi. Ndugu yake Henry aliukomboa mwaka 1816 pasipo kuwaambia wauzaji nani aliyeuandika. Austen alifariki tarehe 18 Julai 1817, na mwezi Desemba kitabu kikatoka kwa jina la Northanger Abbey, kikiwa na maelezo ya Henry yaliyomtaja dada yake mbele ya wasomaji kwa mara ya kwanza.

Mwaka 1832 mchapishaji Richard Bentley alitaka kuzitoa riwaya zote sita pamoja. Tano alizinunua kwa ndugu wa Austen kwa pauni 210. Pride and Prejudice ilibidi aifuate kwa warithi wa Egerton.