Majibu na Matokeo: Juu ya Maneno ya Kuendesha Skripti

Kijana wa Nsemulwa, katika Manispaa ya Mpanda, akaaye mbele ya kompyuta ya mezani yenye Windows na kubofya mara mbili skripti aliyoiandika kwa Python, huona dirisha jeusi likifunguka na kufungika kabla hajasoma hata herufi moja. Hudhani kuwa kazi haikufanyika. Hubofya tena, na tena. Ikiwa skripti ile iliagizwa kuongeza mstari mmoja katika orodha ya mauzo ya duka, sasa orodha ina mistari mitatu kwa mteja aliyenunua mara moja tu. Kosa la namna hii huhesabiwa kuwa ni la ugeni wa mashine. Sehemu yake kubwa, hata hivyo, ni kosa la lugha, nalo lawahusu wafasiri na watungaji wa istilahi kuliko limhusuvyo kijana huyo.

Skripti, kwa maana itumikayo hapa, ni faili lenye amri zilizopangwa kwa mfuatano, ambazo kompyuta huzisoma na kuzitimiza moja baada ya moja. (Si zile skripti za mtihani zinazowakesheza wahadhiri, ijapokuwa jina ni moja.) Maelekezo ya Kiswahili juu ya kazi hii aghalabu huwa na sentensi ya mfano huu: "Fungua skripti ili uone matokeo." Ni sentensi fupi, na maneno yake yote ni ya kila siku, walakini kitenzi chake cha kwanza na nomino yake ya mwisho vyote viwili vyampoteza msomaji.

Kufungua faili ni kulitazama lililomo ndani, kulisoma na kulirekebisha. Kuliamuru litende kazi ni jambo jingine kabisa. Katika mfumo wa Linux wenye meza ya GNOME, kwa miaka mingi mtu aliyebofya faili la namna hiyo aliweza kuulizwa kwanza: je, ataka kuliendesha au kulitazama? Windows haiulizi, ikiwa Python imo, huendesha mara moja. Basi aliyeambiwa "fungua" hajui kuwa ametoa amri, naye hana sababu ya kujizuia asibofye mara ya pili.

Kwa tendo lenyewe vitenzi vitatu vinashindana. Kukimbiza hakufai, ingawa si upuuzi kama wengine wasemavyo: Mwenge wa Uhuru hukimbizwa mkoa hadi mkoa, na Katavi huulaki kama wenzake. Lakini nje ya Mwenge, kinachokimbizwa ni mwizi au kuku. Kuendesha kuna nguvu zaidi. Huendeshwa gari, baiskeli, mkutano na kesi (mgonjwa wa tumbo naye huendesha, lakini hilo halijamzuia mtu yeyote kuendesha semina). Upungufu wake ni kwamba dereva wa treni ya Kaliua hashuki kabla ya kufika Mpanda, hali mwenye skripti huondoa mkono mara tu aianzishapo. Kutekeleza, kwa upande wake, ni kutimiza agizo la mwingine. Hapa wafasiri wamekosea kwa kuvichukulia vitenzi hivi viwili kama pacha, wakivibadilishana ili kupamba maandishi. Si pacha. Mtu huendesha skripti. Kompyuta hutekeleza amri zilizomo. Kila kitenzi kina mtenda wake, na sentensi isemayo "tekeleza skripti" humtwika mtu kazi ya mashine.

Ugumu hasa umo katika neno matokeo. Nsemulwa, kama kwingineko Tanzania, mwanafunzi husubiri matokeo ya mtihani, na mwananchi husubiri matokeo ya uchaguzi. Neno hili lataja jambo lililotukia kwa sababu ya jambo jingine. Lakini maandishi ambayo skripti huyaleta kwenye kioo si hayo. Kiswahili cha zahanati kimekwisha kuwa na neno lifaalo: aliyepimwa damu huambiwa arudi kuchukua majibu. Majibu ni habari irudishwayo kwa aliyeuliza. Matokeo ni yale yaliyobadilika duniani. Skripti iliyoagizwa kubadili majina ya mafaili 200 yaweza kumaliza kazi yake yote bila kutoa neno, kwa kuwa katika mapokeo ya Unix, yaliyorithiwa na Linux, amri iliyofaulu aghalabu hunyamaza. Ina matokeo 200, haina jibu hata moja. Mwenye kulelewa katika desturi ya kwamba aliyetumwa hurudi kutoa habari ataona ukimya huo ni dalili ya kushindwa. Istilahi iliyoyaunganisha majibu na matokeo haimpi njia ya kufikiri vinginevyo.

Yaweza kusemwa kuwa matokeo limekwisha kuenea na kwamba desturi haishindwi na hoja. Lakini neno lenyewe halifukuzwi. Lapewa kazi yake. Maelekezo yangesema hivi: "Fungua kwanza dirisha la amri, andika humo jina la skripti ili uiendeshe, kisha soma majibu." Dirisha lililofunguliwa hivyo halifungiki kazi iishapo, na maandishi hubaki yakisomeka. Kwa sentensi moja kijana angepata utaratibu pamoja na sababu yake.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya uandishi na majedwali yenye menyu za Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kuheshimiwa. Lakini Kiswahili cha menyu ni Kiswahili cha maagizo ya mtu kwa mashine. Lugha ya mashine kumjibu mtu haikushughulikiwa kwa kiasi hicho, na Python hadi leo hutaja makosa yake kwa Kiingereza. Kwa aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na kuwa na Kibende, Kikonongo au Kisukuma nyumbani, hapo ndipo msaada ungehitajika zaidi.

Limebaki fundo moja. Skripti ina njia mbili za kutolea maneno: moja ya majibu, nyingine ya makosa na maonyo. Zote huonekana kwenye kioo kimoja, hata mtu asijue kuwa ni mbili. Lakini akiyaelekeza majibu kwenye faili kwa alama ya >, yale ya njia ya pili hubaki kiooni, naye hushangaa. Kuiita njia hiyo "makosa" hakutoshi, kwani hupitisha pia maonyo na habari za maendeleo ya kazi. "Tahadhari" lafaa kwa onyo, halifai kwa kosa lililokwisha kutendeka. "Taarifa" ni pana mno, na lingeyameza majibu yenyewe.