Nani aliwahesabu walioletwa na mto Kagera?

Nenda soko la Mkuyuni asubuhi, tafuta mama mwenye umri wa kunizaa ambaye ameuza samaki maisha yake yote, msalimie vizuri, kisha muulize kuhusu mwaka 1994. Niliyemuuliza mimi aliendelea kupara sato wake kimya kwa muda, halafu akasema: "Mwaka ule sangara alitudodea, mwanangu. Watu walikataa kula. Walisema amekula watu." Nikamuuliza, watu wangapi? Akanitazama kama nimeuliza swali la kijinga. "Sasa nani angewahesabu?"

Swali lake ndilo lililonifanya niandike. Maana ukiingia intaneti utapata jibu, tena jibu lisilo na wasiwasi hata kidogo: maiti 40,000 ziliingia Ziwa Victoria kutoka Rwanda. Nimelikuta jibu hilo kwenye makala, kwenye masimulizi ya video na kwenye kazi za wanafunzi, mojawapo ikiwa ya kwangu mwenyewe, na nilipewa alama nzuri tu. Hakuna aliyeniuliza namba hiyo imetoka wapi.

(Kuhusu sangara, tulimalize hilo kwanza. Sangara humeza mzima: furu, dagaa, uduvi, hata watoto wake mwenyewe. Hana meno ya kukata nyama ya kiumbe mkubwa kuliko mdomo wake. Lakini nani mwaka ule alikuwa na nguvu ya kusikiliza somo la biolojia?)

Tukumbushane kilichotokea. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalianza Aprili 7, 1994, na yakaendelea kwa takriban siku 100. Mto Nyabarongo hukusanya maji ya sehemu kubwa ya Rwanda, huungana na Ruvubu na kuwa Kagera, huporomoka Rusumo mpakani na Ngara, hupita kwenye madimbwi na mafunjo ya Karagwe, huenda Kyaka, kisha humwagika ziwani upande wa Uganda karibu na Kasensero. Kutupa watu mtoni halikuwa wazo la ghafla. Novemba 22, 1992, mwanasiasa Léon Mugesera alihutubia mkutano Kabaya akasema Watutsi warudishwe Ethiopia kupitia Nyabarongo, iwe njia ya mkato. Mwaka na nusu baadaye mto ukafanya kazi aliyopangiwa.

Aprili 28 na 29, takriban watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Tanzania ndani ya saa 24, na chini ya daraja hilo hilo maiti zilikuwa zinapita. Waandishi wa habari waliokuwa pale walitazama saa zao na kuhesabu zinazopita kwa dakika.

Hapa naomba usimame nami kidogo, maana shahada yangu ya umahiri ilihusu kukadiria wingi wa samaki na kosa hili nalijua kwa jina. Ukihesabu kinachopita sehemu moja kwa dakika kumi, kisha ukazidisha kwa saa, kwa siku, kwa wiki, umedhani kwamba mto ni bomba na kila siku ni sawa na jana. Mto si bomba. Mwili unaotupwa majini kwa kawaida huzama kwanza. Huibuka siku kadhaa baadaye gesi za kuoza zikishajaa, na siku hizo hutegemea joto la maji. Unaouona leo umetupwa siku nyingine, mahali pengine. Halafu kuna mafunjo: mingine hunasa humo isifike popote. Kwa hiyo kilichoonekana Rusumo si jumla ya waliotupwa mtoni, wala si jumla ya waliofika ziwani.

Je, kuna hesabu halisi? Ipo, na ilifanywa na watu waliokuwa na majembe. Miili mingi ilisukumwa kwenye fukwe za Uganda, serikali ikatangaza hali ya maafa, na wavuvi na wanakijiji wakaiopoa na kuizika. Leo kuna makaburi matatu ya kumbukumbu: Ggolo lina watu 4,771, Lambu 3,337, Kasensero 2,875. Jumlisha: 10,983. Angalia namba hizi zilivyo. Hazikufungwa kwa sifuri. Hilo peke yake halithibitishi kwamba ni sahihi, ila linaonyesha kuna mtu alikuwa anahesabu mmoja mmoja.

Sasa, kati ya 10,983 na 40,000 kuna pengo la 29,017. Mtu mwenye nia mbaya atasema, ahaa, mmeona walivyozidisha! Hapana. Kuna waliozama wasiibuke, kuna waliobaki kwenye mafunjo, kuna waliozikwa pale pale walipokutwa. Inawezekana kabisa 40,000 iko karibu na ukweli. Ninachosema ni kwamba moja ni hesabu na nyingine ni kadirio, na sisi tunaziandika kwenye safu moja kana kwamba zimezaliwa na mama mmoja.

Hilo limenirudisha kwenye kitabu ambacho kila anayeandika kuhusu Rwanda hukitaja, na wachache hukimaliza. Ni Leave None to Tell the Story cha Alison Des Forges, kilichotolewa mwaka 1999 na Human Rights Watch pamoja na shirikisho la FIDH, karibu kurasa 800. Jina lake lina maana ya kutobakiza hata mmoja wa kusimulia. Des Forges alikuwa mwanahistoria Mmarekani aliyeijua Rwanda tangu ujana wake, na alitoa ushahidi wa kitaalamu kwenye mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha, ikiwemo kesi ya Jean-Paul Akayesu, ambaye Septemba 2, 1998 alikuwa mtu wa kwanza kutiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari na mahakama ya kimataifa. Alifariki Februari 2009 kwenye ajali ya ndege karibu na Buffalo.

Nakisifu kwanza, maana kinastahili. Kabla ya kitabu hiki ilikuwa rahisi mno kwa watu wa mbali kusema kwamba Rwanda "makabila yalichapana". Des Forges na wenzake walikaa na makaratasi ya utawala yaliyoachwa Butare: barua, mihtasari ya vikao, maagizo ya kutoka ngazi moja kwenda nyingine. Unasoma sura za Nyakizu na unaona kiongozi wa eneo akiitisha kikao, akipanga doria, akiandika ripoti. Mauaji yana ofisi, yana mhuri. Hasira ya ghafla haihitaji mhuri. Na mwandishi haufichi upande wa pili: mauaji yaliyofanywa na askari wa RPF yana sura yake mwishoni. Mwaka 2008 alizuiwa kuingia Rwanda.

Lakini ukifika kwenye namba, kitabu kinabadilika. Mkono ulioshika makaratasi kwa uangalifu ule unashika kikokotoo, na hesabu yenyewe ni ya kutoa tu. Anachukua kadirio la mtaalamu wa idadi ya watu, lililojengwa juu ya sensa ya 1991, kwamba Watutsi waliokuwa Rwanda walikuwa kama 657,000. Anatoa manusura 150,000. Inabaki 507,000, yaani asilimia 77. Hapo ndipo penye kauli maarufu ya kitabu, kwamba waliouawa ni angalau nusu milioni.

Kutoa ni hesabu ya darasa la pili, na tatizo haliko kwenye kutoa. Tatizo ni nani alikupa namba ya kwanza. Sensa ya 1991 ilifanywa na utawala ule ule uliokuwa unaandika kabila kwenye kitambulisho cha kila raia. Mtutsi aliyeweza kujiandikisha kama Mhutu alikuwa na kila sababu ya kufanya hivyo, na serikali iliyotaka Watutsi waonekane wachache ilikuwa na sababu zake. Des Forges analijua hili na analitaja, kisha anaendelea na hesabu. Mwaka 2005 mchumi Marijke Verpoorten alifanya jambo ambalo lingependeza kulikuta kwenye kitabu: alichukua takwimu za watu zilizotunzwa na utawala wa ngazi ya chini huko Gikongoro, akazilinganisha na sensa, akakuta sensa ina Watutsi pungufu. Kadirio lake kwa nchi nzima likawa kati ya 600,000 na 800,000. Nayo hesabu ya serikali ya Rwanda, iliyofanywa kwa kuuliza nyumba kwa nyumba, ilitoa waliotajwa 1,074,017, na kati yao waliothibitishwa 934,218.

Namba tatu, njia tatu, na zinapishana kwa mamia ya maelfu. Je, hiyo inatia shaka kwamba mauaji ya kimbari yalitokea? Kisheria, hata kidogo. Mwaka 2006 majaji wa rufaa wa mahakama ya Arusha waliamua kwamba kutokea kwake ni jambo linalojulikana, halihitaji tena kuthibitishwa katika kila kesi. Kosa hilo linapimwa kwa nia na matendo, halipimwi kwa jumla ya maiti. Wanaokanusha wanalijua hilo, ndiyo maana hawashambulii barua za Butare. Wanashambulia namba, kwa kuwa namba ndiyo sehemu tuliyoiacha na ufa.

Basi ufa unazibwaje? Kuna njia ambayo sisi wa samaki tumeitumia miaka mingi. Unavua furu, unawawekea alama, unawarudisha majini, unavua tena, unaangalia wangapi wana alama. Weka watu badala ya furu na orodha badala ya nyavu. Mfano wa kubuni: orodha ya kanisa ina majina 200 ya waliouawa, orodha ya shirika ina 150, na majina 50 yako kwenye zote mbili. Zidisha 200 kwa 150, gawa kwa 50, unapata 600. Orodha zikipishana kidogo, ujue wengi hawamo popote. Mwanatakwimu Patrick Ball alitumia njia za namna hii kwa Kosovo, akazitolea ushahidi kwenye kesi ya Milošević mwaka 2002, na tume ya ukweli ya Peru ilitoa kadirio la vifo 69,280 kwa njia hiyo mwaka 2003.

Lakini soma tena jina la kitabu. Njia hii inadai kila marehemu awe na nafasi fulani ya kuingia kwenye orodha, yaani awe ameacha mtu wa kumtaja. Pale ambapo baba, mama, watoto, shangazi na jirani wameuawa siku moja, nafasi hiyo inakaribia sifuri. Kwa hiyo lile agizo la kutobakiza msimulizi ni pia shambulio dhidi ya takwimu zenyewe. Nilitamani Des Forges, aliyechagua jina hilo, angelisimamia hadi kwenye ukurasa wa hesabu. Hakufanya hivyo, na ziwa letu, ambalo lilipokea watu wasio na jina wala mtu wa kuwataja, limepitiwa juu juu tu.

Usidhani ni tatizo la Rwanda peke yake. Sri Lanka nayo ina 40,000 yake. Vita kati ya serikali na wapiganaji wa Tamil Tigers viliisha Mei 2009 huku raia wa Kitamil wakiwa wamebanwa kwenye kipande chembamba cha pwani. Wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa walikuwa wakihesabu kwa masharti magumu, wakitaka vyanzo vitatu tofauti kwa kila tukio, na hadi Mei 13 walikuwa na waliouawa 7,721. Hawakuitangaza hesabu hiyo wakati ambao ingeweza kusaidia. Mwaka 2011 jopo la wataalamu wa Umoja huo likasema huenda walifika 40,000. Kuanzia hapo upande mmoja unashika namba ndogo, mwingine kubwa, wakati ile ndogo ni hesabu ya waliothibitishwa na ile kubwa ni kadirio la waliokufa. Ni maswali mawili tofauti.

Kinachonipa moyo ni kazi iliyofanywa Kibuye. Chama cha manusura IBUKA kilipita vijiji vya mkoa huo kikaandika jina, umri na mahali pa kila aliyeuawa. Orodha ilipotoka mwaka 1999 ilikuwa na watu 59,050. Kwa mwanafunzi anayetaka kujua ushahidi unavyokusanywa, mimi ningemwambia aanze na orodha hiyo, kisha ndiyo asome kurasa 800 za Des Forges.

Nina ombi kwa wewe unayetoka Kyaka, Missenyi au Bukoba, au ambaye babu yako alikuwa anavua kwenye mialo ya huko mwaka 1994. Muulize angali hai. Muulize aliona nini, mwalo gani, mwezi gani, nani alizika na wapi. Andika maneno yake kama alivyoyasema, na tarehe uliyomuuliza. Asipokumbuka idadi, iache wazi. Na tafadhali, usimtajie ile 40,000 kabla hajamaliza kusema, maana akishaisikia kwako atakurudishia hiyo hiyo.