Heko, Waelimishaji Rika
Mtu mzima akisimama mbele ya kidato cha pili kuonya kuhusu mitandao, nusu ya darasa husinzia. Akisimama mwelimishaji rika, binti wa miaka 16, sare ileile, mambo hubadilika. Anasoma meseji: "Mrembo, nikurushie bando? Ila mama asijue." Wanacheka, kisha kimya. Wapo wanaoijua lugha hiyo. Ndipo anapoichambua: sifa, zawadi, siri, picha, mwisho vitisho. Usifute meseji, anasema, ni ushahidi. Mbloki aliyeituma, kisha piga 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure, Kenya hata Tanzania.

Wanaowafunza vijana kama yeye nawapa heko pia, hasa kwa sentensi moja wanayowazoeza kuitamka bila aibu (wakubwa wengi imetushinda): "Hili limenizidi, twende kwa mwalimu wa ushauri nasaha."